Godoro la Tajiri

Mama Sindano, mshonaji wa magodoro ya pamba, alikuwa na kikohozi kilichongoja taa izimwe. Mara tu alipolaza kichwa, makohozi mazito yalimjaa kooni. Ikambidi alale ameketi, ameegemea ukuta, kopo la kutemea pembeni.

"Mama watoto, hicho kifua ni karakana," mumewe alimtania.

"Ni ile ile ya tajiri, baba watoto. Nimerudi nayo."

Alijua alichokisema. Vumbi la pamba lilitanda katika karakana ya tajiri aliyemwajiri mithili ya ukungu, na dirisha pekee tajiri aliligongelea mbao, upepo usije ukampeperushia mali. Mama Sindano alipoomba lifunguliwe, tajiri alimcheka mbele ya wenzake.

"Bibi, hicho ni kikohozi cha uvivu. Kunywa maji ya moto, uniachie dirisha langu."

Alijaribu kuyameza maneno hayo. Hayakushuka.

Baadaye tajiri aliagiza godoro la kitanda chake mwenyewe. Mama Sindano aliipokea kazi hiyo kwa mikono miwili. Alijaza takataka zilizofagiwa sakafuni, vumbi na maganda ya mbegu, akatandaza juu pamba safi kiasi cha kuficha, kisha akashona mishono iliyonyooka kuliko yote aliyowahi kushona.

Haukupita muda, tajiri akaingia karakanani macho mekundu, leso mdomoni. Wachukuzi wake walilibwaga godoro mlangoni, likaziba njia.

"Usiku silali. Nikijinyoosha tu, makohozi yananikaba. Umeweka nini humu?"

"Kunywa maji ya moto, tajiri."

Mshonaji mmoja alijikuna pua asicheke.

"Lipasue. Nataka kuona."

Mama Sindano alijifunga kitambaa puani, akachukua mkasi. Hakufanya haraka. Alifumua mshono mmoja mmoja, kisha akazamisha mikono na kukung'uta. Kifua kilimchoma, naye akazidi kukung'uta. Tajiri alikohoa hadi akapiga magoti. Alipoinuka, alinyakua nyundo, akang'oa mbao za dirisha na kutoa kichwa nje.

"Huna kazi," alisema akihema.

"Nimesikia. Ila mbao hizo usizirudishe. Hawa nao wanajua kushona godoro."

Tajiri aligeuka kuwatazama washonaji. Hakuna aliyeinua macho.

Kisasi hakikumponya kifua. Usiku ule Mama Sindano alikohoa kama kawaida. Akamfikiria tajiri, naye ameketi, ameegemea ukuta, na kopo lake. Akatema, akajifunika vizuri.