Heri Angekuwa Mwizi

Mvua ya mawe ilikuja Silibwet na radi, na radi ikapiga ofisi ya kanisa letu. Ndani ya seva ya kanisa, ile kompyuta ya kuhifadhi rekodi, kulikuwa na sauti ya mama akiongoza kwaya. Mama tulishamzika. Nakala nyingine ilikuwa kwenye simu ya zamani ya baba, na simu hiyo ilipotelea sokoni. Basi kila Jumapili baada ya ibada baba alikuwa akikaa ofisini, nami nikiwa Kericho naingia kwenye seva kwa mbali, namfungulia wimbo.

Baada ya radi, seva ilipelekwa kwa fundi. Siku alipoirudisha, baba alinipigia kabla sijamaliza chai. "Mashine imerudi. Hebu tufungulie mama yako."

Nikajaribu kuingia, kompyuta yangu ikakataa. Kila seva ina alama yake, kama mtu na kidole chake, iliyoandikwa kwenye diski yake pamoja na vyote vilivyomo, na kompyuta yangu huikumbuka. Sasa ikaniambia alama hii siyo ile, huenda kuna mtu amejiweka katikati anajifanya seva yenu. Wenzangu wa kazi ya kompyuta wakiona onyo hilo hutetemeka. Mimi nilimwomba Mungu huyo mtu awepo kweli. Mwizi akiwa mlangoni, si basi nyumba bado ipo, na mama yumo ndani?

Nikamwambia baba ampe fundi simu. "Kaa mbele ya mashine yenyewe," nikamwambia fundi, "unisomee alama yake polepole."

Akasoma. Nilimfuata kwa kidole kwenye ile alama mpya iliyokuwa kwenye kioo changu, nikitumaini zitatofautiana angalau mahali pamoja. Zililingana zote. Hakukuwa na mwizi yeyote.

"Ni yenu tu," fundi akasema. "Nimebadilisha tu diski. Ile ingine iliungua kabisa, nikatupa."

Kibuyu ni kile kile, maziwa siyo. Nilitaka kumtukana, lakini mtu alikuwa amefanya kazi aliyotumwa, na baba alikuwa amesimama hapo hapo.

Baba akachukua simu. "Si umesikia? Ni yetu. Fungua sasa."

Nikakubali ile alama mpya, nikaingia, nikatafuta kila mahali. Hakukuwa na kitu.

"Imefunguka?"

"Imefunguka, baba."

Nikasikia akivuta kiti karibu na mashine. Kisha nikamsikia akimgeukia fundi.

"Ongeza sauti kidogo, fundi. Masikio yangu siku hizi hayanisaidii."