Chumvi ya Ng'ombe na Mifuko Yangu

Niliporudi kutoka kwenye semina ya vifungashio Morogoro, nilikuwa mtu mgumu kuishi naye. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, amezoea watoto wanaojua kila kitu, kwa hiyo alinivumilia. Siku moja aliletewa maandazi yaliyoviringishwa kwenye gazeti, nikamwuliza gazeti lile lina kizuizi gani dhidi ya unyevu. Alinitazama, akalitazama gazeti, akasema, "Lina habari za mpira." Akaendelea kula.

Sikwenda semina kwa ajili ya maandazi. Nilikuwa natengeneza chumvi ya mifugo: chumvi ya kawaida, unga wa mifupa, chokaa kidogo na madini ya kuongezea kutoka duka la pembejeo, vyote vinachanganywa kwa koleo uani kwetu Lumemo, hapa Ifakara. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa stoo kwenye mashamba ya miwa, kazi niliyoiacha mume wangu alipohamishiwa Ifakara. Kule stoo nilipokea na kutoa kila kitu, kuanzia mapanga hadi mbolea, na nikaondoka nikiamini kwamba mambo ya magunia nayajua. Kumbe nilichokuwa najua ni kuyahesabu.

Wateja wangu walikuwa wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa. Kiangazi biashara ilikwenda vizuri. Chumvi niliitia kwenye mifuko ya salfeti, ile ile ya mchele, nikaishona mdomo kwa sindano kubwa na kuipanga kwenye chumba cha wageni. Mvua zilipoanza, mifuko ikaanza kulia. Sisemi kwa mafumbo. Asubuhi moja mume wangu alikanyaga maji mlangoni mwa chumba kile, akaleta ngazi, akapanda darini kutafuta bati linalovuja. Alishuka na utando wa buibui kichwani akisema mabati yote ni mazima. Mimi nilikuwa nimemshikia ngazi muda wote, miguu yangu ikiwa ndani ya maji yale, na haikunijia akilini hata kidogo kuinama nikaangalia mifuko yangu.

Salfeti imefumwa, kwa hiyo ina matundu. Hewa ya Ifakara wakati wa masika unaweza kuikamua kama shuka. Na chumvi inavuta maji. Mambo hayo matatu nilikuwa nayajua kila moja peke yake. Kuyaweka pamoja ndiko kulikonipeleka Morogoro.

Mkufunzi alifundisha vizuri, sina la kumlaumu. Alisema kwanza ujue bidhaa yako inaogopa nini, iwe ni maji, hewa, jua au panya, ndipo uchague mfuko. Bahati mbaya, alipofika hapo mimi nilikuwa nimeshaiona meza ya sampuli. Kulikuwa na mfuko wa kaki umesimama wenyewe kama bwana harusi, una kidirisha cha nailoni tumboni. Nilipenda. Aliposema kwamba karatasi tupu inanyonya unyevu, nadhani nilikuwa nampa simu mwenzangu wa kiti cha pili anipige picha nikiwa nimeushika.

Niliagiza mifuko ya kaki. Nilimwomba mchapaji aweke picha ya ng'ombe, naye akaweka ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, mweupe mwenye mabaka meusi, hana nundu, amesimama kwenye majani mafupi kama zulia. Nikaona huyo ndiye ng'ombe mwenye hadhi ya bidhaa yangu.

Mzigo wa kwanza ulikuwa wa mteja mpya huko Michenga, mama mmoja wa Kisukuma ambaye nilikuwa nimeongea naye kwa simu tu. Tulikwenda Jumamosi kwa pikipiki ya mume wangu. Mifuko tuliipanga kwenye tenga lililofungwa nyuma, mimi nikabanwa katikati ya tenga na mwalimu. Kulikuwa na manyunyu mepesi, yale ambayo mtu hasimami kuyakimbia. Barabara ilikuwa na utelezi, kwa hiyo tulikwenda taratibu, nami nilikuwa nikimweleza mwalimu jinsi mfuko unavyouza bidhaa kabla mwenye bidhaa hajafungua mdomo.

"Mama watoto," alinikatiza, macho yake kwenye kioo cha pembeni. "Usigeuke kwa haraka. Nyuma yetu kuna ng'ombe."

"Barabara hii ina ng'ombe siku zote."

"Hawa wanatufuata."

Niligeuka. Kaki ilikuwa imelowa kwa mvua kutoka nje na kwa chumvi kutoka ndani, na vitako vya mifuko vilikuwa vimeachia. Chumvi yangu ilikuwa inamwagika kupitia matundu ya tenga, mstari mmoja mweupe uliotoka mbali kabisa kwenye kona. Juu ya mstari huo, vichwa chini, kundi zima la ng'ombe lilikuwa linakuja likilamba barabara.

Mwalimu aliongeza mwendo, nao wakaanza kukimbia. Akasimama ili niwafukuze, wakatufikia. Dume mmoja alitia kichwa ndani ya tenga. Jike mmoja aliona tenga lina watu wengi, akaanza kunilamba mimi mgongoni, kwa sababu kitenge changu kilikuwa kimejaa unga wa chumvi. Ulimi wa ng'ombe ni msasa. Nilipiga kelele nisizozijua.

Nyuma ya kundi alikuja mchungaji mbio, mtu mzima, fimbo mkononi, amepiga miluzi mpaka pumzi imekwisha.

"Mama! Umewapa nini ng'ombe wangu?"

"Chumvi!"

"Ya bure?"

Mwalimu alisema, "Kwa leo, ndiyo."

Ilibidi twende hivyo hivyo, pikipiki mbele, ng'ombe nyuma, mchungaji pembeni akicheka peke yake. Ajabu ni kwamba kila tulipokata kona kufuata maelekezo niliyopewa kwenye simu, yeye alisema na kwake ni huko huko. Tulipoingia kwenye uwanja wa boma lenye mazizi makubwa, alikuwepo mama aliyesimama na ungo mkononi, mdomo wazi. Alikuwa mteja wangu. Mchungaji alikuwa mumewe.

"Shikamoo, mayu," alinisalimia, kwa Kisukuma mayu ni mama, huku macho yake yako kwenye kundi. "Hawa hawarudi nyumbani saa hizi hata wakichapwa."

"Marahaba. Nimekuletea chumvi."

"Iko wapi?"

Nilimpa mfuko. Kidirisha kilikuwa kizima na ng'ombe wa Ulaya alikuwa mzima, lakini kwa chini uliweza kupitisha mkono ukamsalimia mtu wa upande wa pili. Aliugeuza, akaitazama picha kwa makini.

"Na huyu ni mnyama gani?"

Nikamwambia ni ng'ombe. Aliangalia mazizi yake, akaangalia picha tena, kisha akakaa chini na kucheka mpaka ungo ukamtoka mkononi. Ndivyo urafiki wetu ulivyoanza. Mumewe alipopata pumzi alisema chumvi ni nzuri, ameshaona mwenyewe inavyopendwa, na akaagiza nyingine. "Lakini mayu, huu mfuko..." akaongeza, akiinyooshea fimbo ile kaki.

Nilirudi nyumbani nimeona aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nifanye jambo la kwanza la akili tangu semina: kujaribu kabla ya kuagiza. Nilinunua mifuko michache ya kila aina. Nailoni nyembamba, nailoni nzito, salfeti yenye mfuko wa nailoni nzito ndani yake, na ule wa foili unaong'aa kama sufuria mpya. Nikatia chumvi ya kipimo kimoja kwenye kila mfuko, nikafunga, nikatafuta mahali penye unyevu kuliko pote nyumbani. Nikaitundika bafuni, kwenye kamba, juu ya ndoo.

Mwalimu aliendelea kuoga akiinama inama kati ya chumvi zangu. Alilalamika mara moja tu, mfuko wa nailoni nyembamba ulipomdondokea maji ya chumvi jichoni.

Ndipo mama mkwe akaja kutusalimia kutoka kijijini kwake, Mbingu. Alikwenda kuoga, akatoka mara moja, mkavu, amejifunga khanga mpaka kidevuni. Alimvuta mwanawe hadi jikoni, nami nikawa nyuma ya mlango napepeta mchele.

"Mwanangu, ile dawa bafuni ni ya nini? Na imeelekezwa kwa nani?"

Nilitegemea mume wangu anitetee. Alifikiri kidogo, akasema, "Ni ya unyevu, mama."

Hilo halikusaidia. Mama mkwe alioga kwa jirani siku zote alizokaa kwetu, na jirani naye akapata habari. Nilipojaribu kumweleza mama mkwe kwamba ni utafiti wa vifungashio, aliniitikia kwa heshima kubwa mno, heshima ambayo hakuwahi kunipa tangu niolewe, na chai niliyompikia akawa anasubiri mimi niionje kwanza.

Nilipofungua mifuko, nailoni nyembamba ilikuwa imetoa uji. Nailoni nzito, na salfeti yenye nailoni ndani, zilikuwa na chumvi kavu. Foili ilikuwa na chumvi kavu zaidi kidogo. Mtu yeyote mwenye akili timamu angechagua ya salfeti, imara na ya kutosha. Mimi nilichagua foili, kwa sababu inang'aa.

Sikuishia hapo. Niliona kwamba nikiwa na kizuizi kama kile, shida ya kuanika chumvi siku nzima ni ya nini? Nikaichanganya asubuhi ya ukungu, nikaijaza ikiwa bado na ubaridi, nikaifunga kwa pasi ya moto. Mfuko usiopitisha maji kuingia haupitishi maji kutoka pia, jambo ambalo mkufunzi alilisema na ambalo hata mwalimu wangu wa nyumbani alilisema, kwa sauti ya chini, akipita. Rafiki yangu wa Michenga alipofungua mfuko, chumvi ilitoka ikiwa tofali, kona zote nne. Alilibishia hodi kwa kidole.

"Mayu, hapa unajengea?"

Nikaanza kuanika. Juu ya turubai, jua kali, kugeuza kwa reki, kujaza adhuhuri chumvi ikiwa na joto. Sasa chumvi ilikuwa kavu na mfuko ulikuwa kamili, na kila mteja aliyeushika alichomoa kisu, akautoboa, akachovya kidole, akaonja. Hakuna anayenunua chumvi asiyoiona. Niliposihi wasitoboe, rafiki yangu aliniuliza kwa huruma, "Sasa nitajuaje siyo saruji?" Baada ya lile tofali, lilikuwa swali la haki.

Kwa hiyo nilifika mwishoni mahali ambapo ningeweza kuanzia. Salfeti nje, nailoni nzito ndani, shingo ya nailoni inasokotwa, inakunjwa na kufungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu, mteja anafungua, anaonja, anafunga tena. Hakuna picha yoyote. Mifuko hiyo haisimami yenyewe wala haing'ai. Imelala stoo kama viazi, na sakafu ni kavu.

Masika yaliyofuata maji yalipanda sana bondeni, na kwa muda simu ya rafiki yangu haikupatikana. Nilikuwa na wasiwasi kweli, sikuwa nawaza chumvi. Hatimaye alipiga mwenyewe. Walikuwa wamehamia kwenye mwinuko, watu wote salama, ng'ombe karibu wote.

"Na mayu, ile mifuko yako ya ndani," alisema. "Nilitia nguo za watoto, unga, viberiti, vyeti vya shule, nikafunga na ile mipira. Nyumba iliingia maji mpaka dirishani. Kila kilichokuwa ndani ya mfuko kimetoka kikavu. Wabeja sana." Ndiyo asante yao.

Nilisimama katikati ya uwanja nimevimba kwa fahari. Nilitamani mkufunzi awe kwenye laini.

"Sasa majirani wote wanaitaka," akaendelea. "Ukija, lete mingi."

"Nitaleta yote niliyonayo. Chumvi iko tayari."

Alipunguza sauti, kama mtu anayetafuta namna ya kutomuumiza mwenzake.

"Mitupu, mayu. Ila kama huwezi kuja bila chumvi, basi njoo nayo."

Tulikwenda barabara ilipopitika. Majirani walipanga foleni, kila mmoja akajaza mfuko upepo, akaubana na kuusogeza sikioni kusikiliza kama unavuja, kipimo ambacho mimi sikuwahi kukifikiria pamoja na bafu langu lote. Baadhi walinunua na chumvi, nadhani kwa adabu. Tulikula ugali na maziwa ya mgando, tukaambiwa habari za maji, tukaondoka jua likiwa bado juu.

Nyumbani tulimkuta mama mkwe amekuja tena, amekaa barazani; mwanawe akaegesha pikipiki, akaketi naye. Akaniuliza biashara imekwendaje. Nilimwambia imekwenda vizuri sana, mifuko imekwisha, ila sasa sijui ninauza nini. Akamtazama mwanawe, mwanawe akatazama barabarani.