Wamechimba Choo Kwenye Kaburi la Mgomba

Msomaji huyu ametuomba tulifiche jina lake na la shamba. Tumefanya hivyo. Maneno ni yake mwenyewe.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu. Kwetu ni Kitui, lakini nusu ya maisha yangu nimelima mahindi ya watu wengine huku Lugari, upande wa Lumakanda. Shule niliachia darasa la tatu, mnivumilie. Mke na watoto nawaona Krismasi, na mwaka mwingine siwaoni. Naandika kwa sababu nimechukizwa.

Shamba hili lilikuwa la Mwingereza. Mke wake alikuwa Mjerumani, na sisi tulimwita Mama tu, maana hakupenda kuitwa memsabu. Kabla ya kuolewa huku alikuwa mjane kwao, na alikuja Kenya akamwacha mwanawe wa pekee kwa nyanya yake ili asome. Vile vita vikubwa vikaanza. Kijana alipofika miaka kumi na minane alivalishwa sare ya Wajerumani, akapelekwa kupigana kwenye theluji, na hakurudi. Hata mfupa haukurudi.

Sasa fikirini. Majirani wazungu, ambao watoto wao walipigana na Wajerumani, hawakutaka hata kulisikia jina la kijana yule. Kanisani kwao majina ya waliokufa vitani yalisomwa kila mwaka, la kwake halikusomwa. Mume wake alimwambia kama ni kulia, alilie chumbani.

Mpishi wao alikuwa mama mzee wa huku Kakamega, tuliyemwita Kukhu, yaani nyanya. Siku moja alimkuta Mama amekaa jikoni chini sakafuni, akamwambia, "Mama, kwetu mtu akipotelea mbali tunazikanga mgomba badala yake. Tunaita jina lake, tunafunika. Usipomzika atazunguka tu huko nje, na wewe hutalala."

Mimi ndiye niliyeitwa kuchimba. Nilikataa. Ndugu yangu alichukuliwa na serikali vita hivyohivyo, akapelekwa jangwani kuchimba mahandaki, bomu la Wajerumani likamfukia humo. Habari tuliletewa na chifu kwa mdomo, basi. Mama yetu mpaka leo mbwa akibweka anatoka nje kutazama. Nikamwambia Kukhu siwezi kumchimbia Mjerumani.

Akaniuliza, "Ndugu yako alikuwa na mama?"

Nikasema anaye.

"Na huyu pia. Chimba."

Nikachimba. Tulikata shina la mgomba, Mama akalivika shati la yule kijana la utotoni, lenye vifungo vya mbao, alilokuja nalo kutoka kwao. Akaliita jina lake kwa sauti, mara ya kwanza tangu nimjue. Tukafunika. Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyepalilia pale, na mkinielewa vibaya shauri yenu, lakini nilipopalilia nilikuwa nikimpalilia ndugu yangu pia.

Mume akafa. Uhuru ulipokaribia, Mama akaiuzia serikali shamba, akaenda kukaa kwa rafiki yake Nakuru. Shamba likakatwa vipande, na kipande chenye kaburi kikamwangukia mfanyabiashara mwenye duka Chekalini. Mimi nikabaki kama kibarua wake. Kukhu alishafariki, Mungu amrehemu.

Huyu tajiri wangu alisikia kwamba wazungu huzika watu wao na fedha. Nilipotumwa mbali kuleta posho, unga wetu vibarua, akaleta vijana wakafukua. Niliporudi nilikuta wanacheka mpaka wanashikilia mbavu. Hawakupata kitu ila nyuzi za mgomba uliooza na shati. Tajiri aliponiona uso, akasema, "Wewe Mkamba, mbona unanuna? Huyu mgomba alikuwa shemeji yako?"

Nikamwomba tufukie. Akasema shimo limeshafika nusu, kulifukia ni kupoteza nguvu za watu. Akaamuru lichimbwe zaidi, na leo ndicho choo chake. Mimi huwa naingia vichakani. Nikipita pale natema mate, na harufu ile nalala nayo puani.

Sasa padri ametuletea habari. Mama anarudi kwao Ulaya kwa meli, na Jumapili hii anakuja kumuaga mwanawe. Tajiri ameshtuka, si kwa aibu. Ghalani kuna mashine ya Mama ya kusagia mahindi, ambayo Mama alimwahidi tajiri kumwachia siku akija kuaga. Kwa hiyo ameniamuru nirundike udongo upande wa pili wa ua, nipande maua, nisimike msalaba, na nimwambie Mama kwamba miti imekatwa ndiyo maana pahali panaonekana pageni. Mama ananiamini mimi. Nikikataa nitoke na blanketi langu, na mahindi niliyopanda kando ya kibanda changu niyaache yakiwa mabichi.

Tuta nimelirundika. Mikono yangu ndiyo iliyolirundika, na sijapata kuichukia hivi.

Lakini kuna jambo tajiri halijui. Lile shati lilitupwa juu ya udongo, nami nikaliokota. Limeliwa na udongo hapa na pale, lakini nimelifua, na vifungo vyote vipo. Nimelificha chini ya kitanda.

Nikilizika ndani ya tuta usiku wa Jumamosi, angalau Mama atapiga magoti mbele ya kitu cha mwanawe, na atapanda meli na moyo uliotulia. Lakini nitakuwa nimemsaidia yule mtu kumdanganya, na yeye atasaga mahindi akicheka. Nikimpa shati mkononi, itabidi nimwonyeshe na lilikotoka, asikie na harufu ya pale, mama mzee ambaye vita vilishamnyang'anya kaburi mara ya kwanza.

Namfikiria mama yangu Kitui. Angekuwa yeye, angetaka lipi? Sijui. Ninyi mliozaa, na ninyi mliopoteza watu wenu, nijibuni kabla ya Jumapili: shati hili nilipeleke wapi?