Siku Walipouosha Mlima

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye mlima wenye michoro huku Kondoa, Mhifadhi alinikabidhi filimbi. "Mgeni akitaka kuirushia michoro maji ili ing'ae kwenye picha, puliza mpaka akuchukie," alisema. Michoro yetu ni ya ngeu, ule udongo mwekundu ambao watu wa kale waliupaka mwambani, na maji ni adui yake. Nilipuliza mpaka wenzangu wakaniita Bi Filimbi.

Wakubwa wakapita, kila mmoja na lake. Nikikaribia kustaafu akaja Meneja na utalii wa kuponya: mgeni asiondoke hivi hivi, apaache mahali pakiwa pazuri kuliko alivyopakuta. Jambo jema, nililipenda. Tukamwendea Bibi Zaituni, aliyeongoza maombi ya mvua chini ya mchoro wa twiga.

"Shikamoo, Bibi. Mlima wenu unahitaji nini?" Meneja aliuliza.

"Marahaba. Uoshwe," alijibu. "Umekaa mno bila kuoshwa."

Kwetu kuosha mlima ni wazee kupanda na unga wa mtama, kuomba, na kuwapatanisha waliogombana. Nilidhani Meneja ameelewa, maana naye ni mtu wa mkoa wetu huu wa Dodoma.

Wiki iliyofuata wageni wa kwanza wa Meneja walifika, nami nikatumwa mjini kupokea kundi jingine. Narudi, nasikia nyimbo mlimani. Wageni wameshika ndoo, brashi na sabuni ya unga, wamelowa chepechepe, wanacheka. Maji mekundu yanatiririka maweni. Jamani! Filimbi ninayo shingoni, pumzi sina. Twiga amebaki kwato mbili.

"Palikuwa pachafu, Bi Filimbi," Meneja alinipokea kwa furaha. "Masizi na unga kila mahali!"

Bibi Zaituni alipanda, akasimama mbele ya ukuta mtupu.

"Sasa mvua tutaiombea wapi?"

Hapo Meneja akaelewa. "Usijali, Bibi," alisema. "Tutaita fundi achore mwingine."

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, lakini sijasikia neno lililonishtua kama lile.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaosomea utalii huja kuniuliza kama wageni wazuiwe. Nawapa jibu la Bibi Zaituni, alilolitoa siku ile ile, wageni walipoelezwa walichofanya wakaanza kulia:

"Waje tu, waangalie. Ila waambieni wasitusaidie tena."