Shemeji na Ndoo ya Maji

Shemeji yangu Makungu ni mchukuzi wa bandarini Malindi, hapa kisiwani kwetu. Gunia la mchele analiweka begani kama mimi ninavyoweka kanga, lakini mwambie akae saa moja na watoto, utamhurumia. Katoka kisiwa kidogo cha Tumbatu miaka ishirini iliyopita, anakaa Jang'ombe na dada yangu Sichana, na mpaka leo mambo ya mjini yanampita pembeni.

Mwaka juzi, binti yao Ulfat alipotimiza miaka mitano, Makungu aliahidi kuwapo. Meli ikaja, akaenda. Mwaka jana, meli tena. Safari hii mtoto anatimiza saba, na kasema neno moja tu: baba asipokuwapo, keki haikatwi, na ioze.

"Si keki anayoitaka," dada alimwambia mumewe. "Anakutaka wewe. Ukikosa na safari hii, hatokuomba tena."

Basi Jumapili wakaja kwangu Kiwengwa, pwani ninakolima mwani. Makungu kavaa kanzu na kofia, mkononi kashika chetezo na ubani. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Shemeji, unakwenda kumzika nani?"

"Si mumesema shughuli ya mtoto? Nlijua kutasomwa."

Alipoambiwa kwamba hakuna maulidi wala pilau, ni kucheza pwani na kukata keki, alibaki kasimama na chetezo chake, hajui akiweke wapi. Dada akakipokea, akautia ubani moto, angalau ufukuze harufu ya mwani wangu. Makungu akakaa mkekani, simu mkononi, anaitazama kila dakika. Simai, mwenzake wa bandarini, alikuwa ampigie meli ikifunga gati. Nilitamani niitupe baharini simu ile.

Ulfat akashika kisu, akahakikisha baba yake anatazama, akakata keki. Kufumba na kufumbua, watoto wa jirani waliokuwa wamejificha nyuma ya kamba za mwani zilizoanikwa wakamrukia, wakammwagia ndoo ya maji kuanzia kichwani. Sote tunajua kuwa mwenye siku yake ya kuzaliwa humwagiwa maji. Sote, isipokuwa mtu mmoja.

Makungu aliruka na kanzu yake, akampokonya mmoja ndoo. "Nani kakutumeni? Mwanangu kakukoseeni nini?"

Watoto wakatawanyika kama kuku. Ulfat akaangua kilio.

"Wamekuumiza, mwanangu?"

"Umewafukuza, baba! Hawajamaliza kunimwagia!"

Sijapata kumwona mtu kapotewa namna ile. Mtoto kaloweshwa, hakulia. Kapata wa kumtetea, analia. Makungu akanitazama mimi, akamtazama mkewe.

"Mtu humwagiwa maji kwa kupendwa?"

"Ndiyo," dada akamjibu. "Akipendwa sana, ndoo mbili."

Ulfat akajifuta pua. "Kwani wewe, baba, siku yako hawakumwagii?"

"Mimi sina siku," akasema taratibu. Mama yake alimwambia tu kwamba alizaliwa mvua za vuli zikinyesha. Hiyo mosi Januari ya kwenye kitambulisho aliibuni karani. Nilikuwa nimemcheka mchana kutwa. Hapo nikaona haya.

Mtoto akafikiri. Akaichukua ndoo mkononi mwa baba yake, akaenda kuteka maji baharini, akarudi akiyumba nayo.

"Inama."

Na Makungu, anayebishana hata na manahodha, akainama. Dada aliwahi kuiokoa simu tu. Maji yakashuka na kofia, kanzu ikamganda mwilini. Tukarudi nyuma sote, tukimwogopa. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikujua kama anacho, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akamwuliza bintiye, na naapa bado alikuwa hajaelewa kitu, "Sasa na mimi nikate keki?"

"Kata, baba."

Watoto wakarudi mmoja mmoja. Alikuwa anawalisha kwa mkono wake simu ilipolia. Vidole vyake vimejaa keki, kwa hiyo dada akamwekea sikioni. Simai alipiga kelele hata sisi tukasikia.

"Meli ishafunga gati! Uko wapi wewe?"

"Siji. Leo siku yangu ya kuzaliwa."

"Yako? Watimiza mingapi?"

Makungu akamtazama Ulfat, na Ulfat akamwonyesha kidole kimoja.

"Mmoja," akasema.