Panya Aliyepona Asubuhi Moja

Bado uso unaniwaka kwa aibu. Nahudumia panya wenye presha katika maabara moja hapa Lushoto. Daktari huwadunga dawa ubongoni, nami huwapima presha mkiani, kazi niliyojifunza peke yangu. Jana asubuhi panya mmoja presha yake ilishuka kabisa! Nikakimbia hadi kwenye mkutano wa kijiji cha ujamaa, alikoalikwa daktari.

"Dawa imekubali, daktari. Shikamoo."

Mwenyekiti, ambaye mama yake amepooza kwa kiharusi, akatutangulia maabarani.

Daktari akaushika mkia wa yule panya. "Mbona wa baridi hivi?"

"Nimemwogesha kwa maji ya mtoni, daktari, apimwe akiwa safi."

"Mkia ukipoa mishipa hujibana, damu haifiki vizuri, na kipimo husoma chini. Hapo hujapima kitu."

Tulipoupasha moto, presha ikarudi palepale. Mwenyekiti akanigeukia.

"Basi na mama nikamwogeshe, kijana?"