Mwenye Mali Aanze

Asubuhi niliingia kwa jirani yangu na Biblia, nikamwambia amani ya Bwana iwe kwake. Jua lilipofika kichwani nilikuwa nimeshampiga mtu kwa fimbo, na mtu huyo amelala kwenye mchanga wa mto, jicho lake moja limetoka. Siku ilikuwa moja. Sitaki mtu anisaidie kwa kusema zilikuwa mbili.

Jirani huyo ni mjane kama mimi. Namzidi miaka kama kumi, kwa hiyo ananiita dada. Kanisani kwetu, huku upande wa Sapiwi, wanawake tuna siku yetu ya kwenda kushuhudia nyumba kwa nyumba, na nyumba yake tulikuwa tunaiogopa. Si kwamba alitufukuza. Alikuwa anatukaribisha vizuri, anatoa vigoda, anatoa maji, halafu anauliza swali lake lilelile. Wenzangu wakaacha kwenda. Siku ile nilikwenda peke yangu.

"Mwangaluka, mdogo wangu."

"Mwangaluka, dada. Kaa. Umeniletea?"

"Nimekuletea neno la amani."

"Hilo mlishaniletea. Lipo ndani kwenye kibuyu, halijaoza. Nakuuliza lile lingine. Nani alimuua mume wangu?"

Mume wake aliuawa kwa mwano. Mwano ni yowe letu la hatari. Ukiusikia unatupa jembe, unashika fimbo, unakimbilia sauti ilikotoka, na wewe unaupiga ili wa mbele yako asikie. Asiyetoka ataulizwa na nzengo, yaani wanakijiji wenzake, na atatozwa. Umetuokolea ng'ombe wengi, siwezi kuudharau. Lakini ukishatoka mdomoni haurudi. Mume wa jirani yangu alikuwa anatoka mnadani, anaswaga dume mwekundu aliyemnunua. Kuna mtu alikuwa ameibiwa dume mwekundu. Mwano ukapigwa. Karatasi ya mnada ilikuwa mfukoni mwake, imekunjwa mara nne. Ilionekana baadaye, wakati wa kumvua nguo aoshwe.

Mimi nilikuwepo. Nilisimama juu ya kichuguu na wanawake wengine, nikaona kila mkono ulionyanyuka. Walikuwa wanaume kumi na mmoja. Nimesoma mpaka darasa la pili tu, lakini jina likiingia kwenye kichwa changu halitoki, la mtu, la baba yake na la ukoo wake. Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa mume wangu, mzee wa kanisa. Alirudi nyumbani na damu kwenye pindo la suruali. Nikaifua kwa sabuni ya kipande, nikaianika nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa minyaa, isionekane. Polisi walipokuja waliambiwa ni wananchi wenye hasira, hawajulikani. Mume wangu alikuja kufa kwa ugonjwa wake, Mungu amrehemu, na habari ya ile suruali hatukuizungumza hata siku moja.

Kwa hiyo nikamjibu jirani yangu kama nilivyokuwa namjibu kila mara.

"Ulikuwa umati, mdogo wangu."

"Umati una mama yake? Umati unakula ugali?" Akanisogezea maji. "Kunywa, umetembea. Wewe ulikuwa juu ya kichuguu, dada. Niliambiwa. Nataka majina tu. Sitaki kumchoma mtu nyumba, sitaki kwenda kwa mganga. Nasalimiana na watu kila siku kisimani, na sijui nimempa mkono nani."

Nikamwombea. Nilipokuwa naomba, yeye alikuwa anachambua choroko kwenye ungo, nasikia mawe madogo yanavyoanguka. Nikasema amina peke yangu, nikaondoka.

Nilipokaribia kwangu nikaona zizi liko wazi. Maksai wangu wawili walikuwa wanaelekea mtoni, na nyuma yao kijana mmoja anawaswaga bila haraka, kama wa kwake. Hao maksai ndio walikuwa shamba langu la pamba. Bila wao ningelima kwa mkono, na mikono yangu imezeeka. Sikufikiri. Biblia nikaiweka juu ya jiwe la kufulia, nikaweka kiganja mdomoni, nikapiga mwano. Nilikuwa sijaupiga tangu usichana wangu, lakini koo halikusahau. Kabla sijaurudia mara ya tatu nikausikia umeshajibiwa nyumba ya pili, halafu ya nne, halafu kule kwenye ghala ambako wanaume walikuwa wanapima pamba. Hapo ndipo nikakumbuka nimetoka wapi asubuhi ile. Nikasema, "Basi, basi," kama mtu anayetuliza mbwa. Nani angesikia?

Walimkamatia kwenye mchanga wa mto, ambao wakati huo wa kiangazi hauna maji. Nilipofika nikihema walikuwa wamemzunguka wanaume kama thelathini, wenye fimbo, wenye mapanga, mmoja ana upinde. Kijana amepiga magoti, amevaa sweta la shule lililochanika kwapani. Hakuwa wa kwetu. Walikuwa wamemfunga mikono kwa kamba ya maksai wangu. Makofi alikuwa ameshapata, fimbo bado. Walikuwa wananingoja mimi.

Ndivyo tulivyozoea. Fimbo ya kwanza ni ya mwenye mali. Akishaipiga, kila mtu anapiga, na hakuna atakayeulizwa peke yake. Asipoipiga, amewaita watu bure na kuwadharau.

"Mwenye mali aanze!"

"Mayu, fanya haraka, pamba yangu iko kwenye mizani!" Watu wakacheka.

"Huyo bibi wa maombi, mpeni fimbo nyepesi."

Aliyeniwekea fimbo mkononi ni mwanangu wa mwisho. Ndiye kiongozi wa kwaya yetu. "Mayu, moja tu," akaniambia taratibu. "Halafu nenda nyumbani ukapumzike."

Kijana naye akaniita mayu, yaani mama. "Mayu, nisamehe. Mayu." Kisukuma chake kilikuwa cha upande wa Meatu.

Nikageuza macho nisimwone, nikamwona jirani yangu. Alikuja kama inavyotakiwa, fimbo yake iko kwapani, mikono ameikunja kifuani. Hakunionya. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Haya, dada. Nakuangalia."

Nikapiga.

Ilimpata begani, haikuwa nzito. Ni mkono wa bibi. Nimejitetea hivyo mara nyingi mbele za Mungu na sijamsikia akikubali. Kijana hakulia kwa fimbo yangu. Alifumba macho, kwa sababu alijua kinachofuata.

Walianza na miguu, asikimbie, ingawa alikuwa amefungwa. Fimbo kwenye mgongo wa ng'ombe inalia kavu. Kwenye mgongo wa mtu inalia mbichi, na baada ya muda hailii kabisa, unaisikia inazama. Mmoja alimpiga usoni kwa ubapa wa panga, jicho likatoka. Taya likavunjika, nikalisikia nikiwa hatua tano. Akawa anajaribu bado kusema mayu, lakini mdomo haukufunga. Damu ilikuwa haikai juu ya mchanga, inazama hapohapo, kwa hiyo hukuweza kujua imemwagika kiasi gani. Na watu wanazungumza! Mmoja anamuuliza mwenzake kama bei ya pamba imepanda. Halafu mwenye pikipiki akashuka bondeni na chupa ya petroli, mwingine anakokota majani makavu.

"Sogeeni, sogeeni, msije mkaungua."

Akammwagia.

Kanisani baadaye walipenda kusema niliongozwa na Roho. Labda. Mimi ninachokumbuka ni harufu ya petroli, na suruali ya mwanangu imelowa damu kwenye pindo, palepale pa baba yake. Nikaanguka juu ya yule kijana. Nilianguka hasa, kama mzigo. Fimbo ya mwanangu ilikuwa imeshanyanyuka.

Ilitua kwenye mkono wangu, chini ya kiwiko. Nilisikia mfupa kabla sijasikia maumivu.

"Nimempiga mayu!" Alipiga kelele ambayo sijawahi kumsikia nayo hata utotoni. "Jamani, nimempiga mayu!" Kwetu, aliyempiga mama yake hana mahali pa kupeleka uso. Alitupa fimbo, akakaa mchangani.

"Mtoe mama yako hapo," akasema mwenye petroli.

"Mtoe wewe."

"Bibi, toka. Umelowa."

"Washa," nikasema.

"Bibi!"

"Washa. Nakujua wewe." Sikuwa na amani yoyote, nilikuwa na hasira tu, na chini yangu yule kijana anatetemeka mpaka meno yangu yanagongana. Nikamtaja jina lake, la baba yake, na la bibi yake ambaye tulilima naye pamoja. Akarudi nyuma hatua moja. Nikamgeukia wa pili, nikamtaja. Mwenye panga, nikamtaja na mahali alipozaliwa. Niliwataja kwa zamu, mmoja mmoja, nikiwa nimelala pale mkono umening'inia. Hapa siyaandiki majina hayo, watoto wao wanasoma. Lakini siku ile niliyasema kwa sauti, na kila aliyesikia lake alianza kutazama njia ya nyumbani. Kwanza waliondoka wa nyuma. Mwisho tulibaki wanne, mimi na kijana chini, mwanangu analia, na jirani yangu. Alikuwa hajasogea. Alikuwa anasikiliza.

"Kumbe unayakumbuka," akasema.

Ndiye aliyenifunga mkono kwa kanga yake na kipande cha fimbo. Mwanangu alileta mkokoteni, akawafunga maksai walewale, wakatuvuta mimi na mwizi wao mpaka barabarani tulikopata gari la Bariadi. Njia nzima kijana alikuwa ananishika kidole gumba na kukiachia.

Kutibiwa kunataka fomu ya PF3, kwa hiyo tulipita polisi kwanza. Askari akauliza nani walimpiga. Mwanangu akatazama sakafu.

"Wa kwanza ni mimi," nikasema.

Askari akacheka. "Bibi, tuache utani, mtu anakufa huyu."

"Ndiyo maana nasema. Wa kwanza mimi, andika."

Aliponiona sicheki, akaandika. Mwanangu akasema, "Wa pili mimi. Na huo mkono wa mama pia ni mimi." Wengine walikwenda wenyewe baadaye, si wote. Kijana hakufa. Mama yake alikuja hospitalini kutoka Meatu, akanitemea mate kwenye plasta, mbele ya wagonjwa. Sikujipangusa mpaka alipotoka.

Niliporudi nyumbani nzengo ilikuwa imenitenga. Hawakunitukana. Nikisema mwangaluka, mtu anatazama juu ya kichwa changu. Mashine ya kusaga ikawa mbovu kila nikifika, na nikigeuka naisikia inanguruma. Usiku mmoja walikata mkia wa maksai mmoja. Kanisani nusu ya wazee waliacha kukaa benchi langu. Nusu nyingine walitaka nisimame nishuhudie jinsi Bwana alivyonitumia, nikakataa, kwa sababu wangepiga makofi.

Jirani yangu alikuja siku ya sita, saa nne asubuhi, ndoo ya maji kichwani. Akaitua, akamimina kwenye mtungi wangu, akakaa kwenye kigoda. Mimi sikuwa na Biblia wala maneno.

"Mkono huna," akasema. "Mdomo unao."

Nilijua amekuja kufuata nini. Ningeweza kusema umati. Mkono wangu ulikuwa unawasha ndani ya plasta, nikawa nautazama huo. Halafu nikaanza na jina la mume wangu.

Alinipiga kofi kabla sijafika kwa jina la baba yake. Bangili yake ikanichana mdomo. Alikuwa amesimama juu yangu, anapumua kwa pua, na mimi nikangoja la pili. Halikuja. Akakaa, akajifunga kanga upya.

"Basi wewe mkewe ndiye uliyeifua damu ya mume wangu," akasema.

"Niliifua."

"Kwa sabuni."

"Kwa sabuni."

Akavuta kigoda chake karibu. "Endelea."

Nikaendelea. La tatu lilikuwa la mtu anayemletea dawa ya mifugo. La tano lilikuwa la mdogo wake mwenyewe, na hapo akaweka kiganja mdomoni, nikadhani atapiga mwano. Hakuupiga, aliuma mkono. Kwa kila jina nilimwambia mtu huyo alishika nini na alipiga wapi, kwa sababu aliuliza. Damu ya mdomo wangu ilikuwa inadondokea kwenye plasta. La kumi na moja aliomba nilirudie. Nikalirudia.

Kuku waliingia, wakatoka.

"Na huyo Bwana wako unayetuletea," akasema mwishowe, "naye alikuwepo siku ile? Aliwaona?"

"Aliwaona."

"Na hakukuambia useme?"

"Aliniambia," nikasema. "Kila siku."